Malaika Alingoja Jibu

Dominika ya Tano ya Kwaresima, Mwaka C



Katika Injili ya leo, kama alivyoiandika Yohane katika sura ya 8, waandishi na Mafarisayo wanamleta mwanamke mbele ya Bwana wetu na kumsimamisha katikati ya watu. Wanasema amefumaniwa katika uzinzi. Mahubiri mengi yamekwisha kutolewa juu ya Injili hii: juu ya mawe, juu ya kidole cha Bwana kikiandika chini, juu ya wazee waliotangulia kuondoka. Sisi leo tunataka kuuliza swali ambalo hata mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza huliuliza: mwanamume yuko wapi? Mtu hazini peke yake, na Torati yenyewe iliwataja wote wawili. Hata hivyo aliyesimamishwa mchana kweupe ni mmoja. Na katika shutuma zote zile hakuna aliyemwuliza yeye neno hata moja, mpaka Bwana alipoinuka akazungumza naye.

Kesho, Jumatatu, Mama Kanisa anatusomea habari ya Suzana katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Ni somo refu, na msiojaliwa kufika Misa ya asubuhi tunawasihi mlisome nyumbani kwa utulivu. Wazee wawili, tena waamuzi, watu waliozoea kuamkiwa kwa heshima njiani, wanamnyemelea mwanamke katika bustani ya mumewe. Wanangoja wajakazi watoke na milango ifungwe. Ndipo wanapomwekea mtego: ama ukubali, ama tukushuhudie uongo nawe ufe. Suzana hakukubali, wala hakunyamaza. Alipiga kelele kwa sauti kuu.

Kelele hizo ndizo zinazotuleta kwenye mazungumzo yetu ya leo. Ziko hadithi zinazosomwa sasa na vijana wetu, wa kike hasa, ambazo zimebakiza bustani, zimebakiza milango iliyofungwa, zimembakiza na yule mwanamume mwenye umri na mamlaka; kelele za mwanamke ndizo zilizoondolewa.

Tunasema juu ya vibonzo vya mapenzi, yaani hadithi zinazosimuliwa kwa picha za kuchorwa, na hasa lile tawi lake ambalo wasomaji wenyewe wanaliita mapenzi ya giza. Zamani gazeti la vibonzo lilipitishwa chini ya dawati, likakunjwa, likararuka, mwisho mwalimu akalikamata. Leo limo ndani ya simu, wala halirarukі. Walioueneza sana mtindo huu ni watu wa Korea ya Kusini: kampuni ya Naver ilifungua ukumbi wake wa vibonzo vya intaneti mwaka 2004, na mwaka 2014 ikaanza kuvitoa kwa Kiingereza kwa ajili ya dunia nzima. Msomaji hafunui kurasa. Anateremsha kidole, picha zinafuatana kama maji ya mfereji, na kila sura hukatika pale pale moyo unapodunda. Sura za mwanzo huwa za bure. Nyingine hufunguliwa kwa kulipia kidogo kidogo. Hadithi zilizokusudiwa watu wazima hubandikwa alama ya miaka 18, lakini mtoto akiulizwa na simu tarehe yake ya kuzaliwa, hujiandikia mwaka anaoutaka.

Si vibonzo vyote vya mapenzi vilivyo vibaya. Tunasema hivyo mapema, ili msikilizaji kijana asizime redio. Viko vya kuchekesha, viko vya kuliwaza, viko vyenye uchoraji ambao mtu akiutazama humshukuru Mungu aliyewapa wanadamu mikono. Tunazungumzia mkondo mmoja, na mkondo huo una sura inayojirudia. Msichana ni maskini, mara nyingi yatima, au baba yake ameacha deni. Mwanamume amemzidi miaka kumi, kumi na mitano, ishirini. Ana kampuni, au ana genge la wahalifu, au ana vyote viwili. Anamnunua kwa lile deni. Anampangia mavazi. Anamnyang'anya simu, anamfuata kila aendako, anampiga kijana yeyote aliyethubutu kumsalimu. Msichana akikimbia, anarudishwa. Halafu, sura ya arobaini au ya hamsini, inafunuliwa kwamba mwanamume huyo aliteswa utotoni, na kwamba ukali wote ule ulikuwa upendo ambao haukujua njia ya kutokea. Hadithi inakwisha kwa arusi.

Tunaomba mtazame jinsi jambo hili linavyofanyika katika picha, kwa maana hapo ndipo ilipo hatari, kuliko hata katika maneno. Msichana anaandikiwa neno hapana katika duara la maneno yake. Lakini mchoraji amemtia wekundu mashavuni, na macho amemlegeza. Mdomo unasema hapana, mashavu yanasema ndiyo, na msomaji anafundishwa kuyasadiki mashavu. Sisi wenye ngozi nyeusi hatuna desturi ya kuiva mashavu kwa haya, lakini binti zetu wamekwisha kujifunza lugha hiyo ya wino; na hili lisisahaulike, kaka zao nao wameanza kujifunza. Kijana aliyezoea kusoma hapana kama ndiyo iliyojificha atakwenda nayo elimu hiyo mpaka kwa binti wa jirani.

Liko na jambo la pili. Kibonzo humfungulia msomaji dirisha la moyo wa mwanamume. Katika kijiduara cha mawazo tunaonyeshwa kwamba anampenda kweli, kwamba usiku halali, kwamba angekufa kwa ajili yake. Kwa hiyo msomaji anavumilia kofi, kwa sababu ameonyeshwa chozi. Lakini msichana wa kidato cha pili aliyeketi katika gari la mtu mwenye miaka 35 hana dirisha hilo. Anachokiona ni uso na maneno tu, na yasiyoonekana anayajaza mwenyewe kwa yale aliyoyasoma.

Katika barua zilizoletwa kwa ajili ya kipindi hiki imo ya mama mmoja ambaye binti yake ana miaka 16. Mama huyo ameandika kwamba alimkuta binti akifuta majina ya marafiki zake wote katika simu, mmoja mmoja, kwa amri ya mwanamume mwenye umri wa kuwa mjomba wake. Alipomwuliza sababu, binti alijibu kwa utulivu kabisa kwamba asingempenda asingemwonea wivu. Mama anatuuliza: mwanangu amefundishwa wapi maneno haya? Hatuwezi kusema kwamba ameyapata katika vibonzo tu. Ameyasikia katika nyimbo, katika michezo ya televisheni, na huenda hata uani kwao, wanawake wazima walipoambiana kwamba mume asiyegombeza hana habari nawe. Vibonzo havikuvumbua uongo huu. Vimeupamba tu, vikaupeleka chini ya mto wa kulalia.

Tuchukue mfano mmoja, nao ni ulio laini kuliko mingi. Mingine hatutaitaja, kwa kuwa kukitaja kitu redioni ni kukitangaza bila malipo. Huu umekwisha kujulikana ulimwenguni: unaitwa Lore Olympus, kazi ya mchoraji wa New Zealand aitwaye Rachel Smythe, iliyoanza kutolewa katika ukumbi huo wa Naver mwaka 2018, ikakamilika mwaka 2024, na mwaka 2022 ikapata tuzo ya Eisner, ambayo ni ya heshima kubwa kwa wachora vibonzo wa Marekani na kwingineko. Ni hadithi ya Persephone, msichana wa miaka 19, na Hades, mtawala wa kuzimu, mwenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Haki itendeke: mchoraji huyo hafanyi mzaha na mateso. Yumo katika hadithi yake mungu mwingine anayemnajisi msichana, na tendo hilo linaitwa uovu, na majeraha yake yanafuatwa kwa muda mrefu. Naye Hades amechorwa mpole.

Lakini hadithi hiyo ina mzazi wake, nao ni utenzi wa kale wa Wagiriki, uliotungwa karne nyingi kabla ya Kristo. Katika utenzi huo hakuna uchumba. Msichana anachuma maua pamoja na wenzake, nchi inapasuka, mtawala wa kuzimu anatokea na gari lake la farasi na kumnyakua, na baba yake msichana alikuwa amekwisha kulikubali shauri hilo bila kumwuliza mwenyewe. Msichana anapiga kelele. Mama yake, Demeter, anaisikia sauti. Anazunguka dunia siku tisa na mienge mikononi, hali chakula, haogi, anauliza kila mtu: mmemwona mwanangu? Na asipompata anaizuia nchi isizae, mpaka miungu wenyewe inawabidi wasikilize. Wapagani wale, ambao hawakuwa wamefunuliwa Maandiko, walijua kwamba binti akichukuliwa kwa nguvu ulimwengu wote unaharibika, hata mahindi shambani yanagoma kuota. (Wao walilima shayiri, lakini mmetuelewa.)

Katika kibonzo kipya kelele hizo zimekuwa mahaba, na mama amegeuzwa kuwa kizuizi, mama mwenye kumbana binti asipumue. Wapendwa, hapo ndipo tulipotaka mtazame. Katika hadithi za namna hii, zilizo laini na zilizo kali, mama ama amekufa, ama ni adui, ama ni mjinga. Hakuna shangazi. Hakuna jirani wa kugonga mlango. Msichana amekatwa kwanza kutoka kwa watu wake ndipo apendwe. Na mwanamume mwenye nia mbaya, katika maisha ya kweli, hufuata mpango huo huo, naye huanza kwa kufuta majina katika simu.

Msidhani kwamba Biblia Takatifu inaficha mambo haya. Katika kitabu cha pili cha Samueli, sura ya 13, yumo Amnoni mwana wa Daudi, aliyempenda Tamari, dada yake kwa baba, mpaka akaugua kwa mapenzi. Angeweza kuwa shujaa wa kibonzo: mwana wa mfalme, amekonda, hali, halali. Yuko na rafiki mwerevu wa kumpa mbinu. Tamari anaingia chumbani amebeba mikate aliyoioka kwa ajili ya mgonjwa. Anasema hapana, tena anaisema kwa sababu zilizo wazi, moja baada ya nyingine, na Mwandishi Mtakatifu ameyahifadhi maneno yake yote. Amnoni hakutaka kumsikiliza. Na baada ya tendo lile, Biblia haifungi kitabu. Inaendelea mpaka pale Amnoni anapomchukia kwa chuki iliyozidi mapenzi aliyokuwa nayo, anapomwita mtumishi amtoe nje na kufunga mlango nyuma yake. Kibonzo kinaishia arusini. Maandiko yanakwenda mpaka kwenye mlango uliofungwa, na majivu kichwani mwa binti, na kilio chake njiani. Ndiyo maana tunathubutu kusema kwamba Maandiko Matakatifu hayaogopi giza kuliko waandishi wa mapenzi ya giza. Yanalitazama mpaka mwisho.

Sasa, je, ni kosa mwanamume kumzidi mke wake umri? Hilo tunaulizwa mara nyingi, na baadhi hutuletea mfano wa Boazi na Ruthu. Mfano ni mzuri, tunaupokea. Boazi alimwita Ruthu binti, akashangaa kwamba hakuwafuata vijana. Lakini tazameni mwenendo wake. Alimkuta usiku kwenye uwanja wa kupuria, hakuna aliyewaona, na hakumtendea neno la aibu. Akailinda sifa yake. Asubuhi akaenda langoni mwa mji, akaketi na wazee kumi, akalimaliza jambo lile hadharani, mchana, kwa mashahidi. Ruthu alikuwa mwanamke mzima, mjane, na yeye ndiye aliyekwenda kusema ombi lake. Miaka haikuwa na sumu pale. Sumu hukaa katika siri, katika hofu, na katika umri ambao mmoja bado ni mtoto.

Hapo sheria za nchi zetu hazina mafumbo. Tanzania, tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kumwingilia msichana asiyetimiza miaka 18 na asiye mke wa mtu huyo ni ubakaji, hata kama yeye msichana alikubali. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, mwenye kumpa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anastahili kifungo cha miaka 30. Na mwaka huo huo Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikalithibitisha tamko hilo Oktoba 2019.

Kanisa nalo lina kanuni ambayo makatekista wachache huifundisha, pengine kwa kudhani ni ya nyakati za kale. Ni kanuni ya 1089 katika Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983. Inasema hivi kwa maana yake: mwanamume hawezi kufunga ndoa na mwanamke aliyemteka au kumzuilia kwa nia ya kumwoa, mpaka kwanza mwanamke huyo atengwe naye, awekwe mahali salama na huru, na akiwa huko achague mwenyewe kwa hiari yake. Ifikirieni sheria hiyo kwa makini. Kanisa haliulizi kama mateka amesema ninampenda. Linajua kwamba neno hilo, likisemwa ndani ya chumba kilichofungwa, bado halijawa neno. Kwanza mlango ufunguliwe. Hadithi nzima za mapenzi ya giza zingeanguka kwa kanuni hiyo moja.

Nasi tukitaka kujua kanuni hiyo imetoka wapi, hatuna haja ya kwenda mbali. Tarehe 25 Machi, siku chache zilizopita, tuliadhimisha sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Umri upi na upi umewahi kutofautiana kama ule? Upande mmoja Mwenyezi Mungu, asiye na mwanzo, ambaye kwa neno lake nchi zilitokea. Upande mwingine binti wa Nazareti. Angeweza kuamuru. Alituma mjumbe, na mjumbe alipoona binti amefadhaika, alimtuliza kwanza. Binti akauliza swali, na swali lake halikuhesabiwa utovu wa adabu. Likajibiwa, akapewa na ishara ya kwenda kuihakikisha kwa Elizabeti, ndugu yake, mwanamke mtu mzima, mtu wa kwao. Hakutengwa na jamaa zake, alielekezwa kwao. Kisha malaika akangoja. Luka anatuambia kwamba aliondoka baada ya Maria kusema ndiyo yake, si kabla. Mungu hakuyasoma mashavu ya Maria. Alilisubiri neno lake.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliandika kwamba kumtesa mwanamke si nguvu ya kiume hata kidogo, bali ni woga. Tungependa vijana wa kiume wanaotusikiliza walifikiri neno hilo. Yule bwana wa kibonzo, mwenye suti na walinzi, anayemfungia msichana ndani ili asimwache, ni mtu mwenye hofu.

Yapo matangazo ya redio ambayo wengi wenu mnayakumbuka, yaliyorushwa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 2000, ya mtu aliyeitwa Fataki. Alikuwa mtu mzima mwenye fedha, mwenye kuwavizia wasichana wa shule, na kila mara alipokaribia kufanikiwa, mtu wa karibu alijitokeza akamharibia. Watu walicheka, na jina lake likawa neno la kila siku mitaani. Tunadhani siri ya matangazo yale haikuwa kicheko peke yake. Ni kwamba daima palikuwa na mtu wa tatu. Vibonzo hivi vimemchukua Fataki yule yule, vimempunguza kitambi, vimemvika suti, na vimemwondoa yule mtu wa tatu.

Basi mtu wa tatu ni nani, kama si ninyi? Kwa mama aliyetuandikia tunasema: usiivunje simu. Ukiivunja, utakuwa umetimiza kile kibonzo kilichomwambia juu ya mama. Keti naye, umwombe akusomee anachokisoma, hata kama unaona aibu, hata kama huelewi ni nani ni nani. Mara nyingi binti huzipenda hadithi hizi kwa sababu humo yuko mtu anayemtazama yule msichana siku nzima, na nyumbani kwake hakuna aliyemwuliza leo umeshindaje. Mfike penye picha ya mashavu, umwulize: huyu amesema nini? Na yule amesikia nini? Je, angekuwa rafiki yako, ungemwambia abaki? Usimjibie. Ngoja, kama malaika alivyongoja. Juu ya yule mwanamume anayefuta majina, huko hakuna kungoja: jambo hilo lifikishwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au upige namba 116, simu ya kuwasaidia watoto, isiyo na malipo.

Nanyi makatekista wa Kipaimara, juma hili masomo yenyewe yamewapa kazi. Someni Suzana mbele ya vijana, wa kike na wa kiume pamoja, na mkifika pale anapopiga kelele, simameni hapo muwaulize wangekuwa wao watumishi wa nyumba ile, waliozisikia kelele na kukimbilia mlango wa bustani, wangemsadiki nani. Kumbukeni kwamba watumishi wale, waliposikia maneno ya wazee, waliona haya tu. Aliyeomba kesi isikilizwe upya alikuwa kijana, Danieli.

Tumsifu Yesu Kristo.